Sheshe na Watoto wa Njia Moja

Nilizaliwa katika kambi ya Kakuma, Kenya, na Kiswahili nilikipata huko kabla sijaiona Juba. Swali la insha hii nilipewa na baba. Mwezi Juni 2024 ilipotangazwa hapa Juba kwamba mashariki ya Mto Nile kuna swala wahamao wapatao milioni 6, baba alicheka akasema, "Wao wamerudi. Sisi je?" Nitajaribu kumjibu kwa kuuliza: mnyama alituzidi nini wakati wa vita?

Wengi wa swala hao, takriban milioni 5, ni sheshe wa masikio meupe. Wengine ni nyamera, tohe na swala wa Mongalla. Kiangazi sheshe hufuata mabwawa yasiyokauka upande wa kaskazini, wengine hadi Gambella nchini Ethiopia. Mvua zikijaza mabonde yale, hurudi kusini penye nchi kavu na majani mapya. Hawaongozwi na ramani wala mpaka. Ndama wao husimama siku ile ile anayozaliwa, ilhali mtoto wa binadamu huchukua karibu mwaka mzima ndipo atembee.

Vita vya 1983 hadi 2005 vilipokwisha, wengi waliamini wanyama hawa wameliwa wote. Mwaka 2007 J. Michael Fay, Paul Elkan na Malik Marjan, mtaalamu wa kwetu, waliruka kwa ndege ndogo wakihesabu, wakakuta swala zaidi ya milioni moja. Lakini si kila mnyama aliyesalimika. Pundamilia wa Boma karibu walitoweka, na nyati walipungua mno. Tofauti kubwa, kwa maoni yangu, ni mwendo. Mnyama akaaye mahali pamoja hujulikana nyumbani kwake, na mwenye bunduki humrudia kila siku. Sheshe ukimfuata kesho, ameshahama. Wingi wao uliwasaidia, na mafuriko yalifunga njia za magari miezi mingi ya mwaka. Hata baadhi ya tembo walipona kwa kujificha katika mabwawa ya Sudd.

Baba naye alikuwa mhamaji. Mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka tisa hivi, alitoka kijijini upande wa Bor pamoja na maelfu ya wavulana wengine. Wakavuka nyanda zile zile za sheshe kwa miguu hadi Pinyudo, Ethiopia. Mwaka 1991 serikali ya Mengistu ilipoanguka walifukuzwa. Wengi walikufa katika Mto Gilo kwa maji na kwa risasi. Waliobaki walifika Kakuma mwaka 1992. Baba husema kwamba njiani kilichowaokoa ni vitu viwili: wavulana wakubwa waliombeba alipochoka, na nyama ya sheshe ambayo askari waliwagawia. Bila mnyama yule nisingekuwapo kuandika insha hii.

Basi tulinganishe. Kwa miguu sheshe alitushinda, na kwa kuijua njia ya kurudi pia, maana zaidi ya Wasudani Kusini milioni 2 bado ni wakimbizi. Lakini sheshe hambebi ndama wa mwenzake. Wavulana wale walibeba watoto ambao hawakuwa ndugu zao, wakiwa na njaa wao wenyewe. Uwezo huo ni wetu, na nadhani ndio unaohitajika sasa.

Nasema hivyo kwa sababu amani imeleta hatari ambayo vita havikuileta. Zamani mwindaji aliua kwa ajili ya nyumba yake. Leo kuna bunduki nyingi, pikipiki, na barabara ya Juba hadi Bor inayopita karibu na hifadhi ya Badingilo. Nyama iliyokaushwa hupakiwa na kufika mjini. Tabia ya kutembea kwa maelfu, iliyomwokoa sheshe, sasa inamrahisishia kazi mfanyabiashara: akiwapata mahali pamoja, huua wengi kwa siku moja.

Nami si mtazamaji tu. Mwaka jana nilinunua nyama hiyo kando ya barabara, nikaileta nyumbani kwa furaha nikidhani baba atakumbuka ya zamani. Aliitazama, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni ya njaa au ya biashara?" Sikuwa na jibu, na siku ile hakula.

Jibu langu kwa baba ni hili. Sheshe walipona vitani kwa sababu waliweza kuondoka. Mwenye pikipiki na soko linalomngoja hawezi kukimbiwa namna hiyo. Hapo miguu ya sheshe imefika mwisho wake, na kinachobaki ni binadamu kuamua kumwachia njia kiumbe asiye wa kwake. Sijanunua tena.