Gita la besi: Namna ya kuchapa nyuzi katika muziki wa hevi metali

KIJANA wa Kitale au Bungoma anayetamani kupiga gita la besi kwa mtindo wa hevi metali hushawishika kuanza kwa kuulizia bei ya mashine. Hudhani kwamba ule mlio mkali anaousikia kwenye video umo ndani ya kisanduku fulani kinachouzwa Nairobi.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mlio huo hutoka kwenye kidole gumba, kwenye kifundo cha mkono na katika uwezo wa kushika mapigo. Mashine hukuza kilichopo. Haiwezi kuumba kisichokuwepo. Anayelifahamu jambo hili mapema huokoa pesa zake, vidole vyake na hata masikio yake.

Mtindo wenyewe huitwa slapu. Mchezaji huchapa nyuzi nene kwa gumba na kufyatua nyuzi nyembamba kwa kidole cha shahada, hivi kwamba gita hutoa noti na mdundo kwa wakati mmoja.

Chimbuko lake

Anayetambuliwa zaidi kuwa mwasisi wa mtindo huu ni Larry Graham, Mmarekani aliyezaliwa Texas mwaka 1946. Alipokuwa kijana alipiga muziki pamoja na mamaye, Dell Graham, katika eneo la San Francisco. Walipobaki bila mpiga ngoma, alianza kuchapa nyuzi kwa gumba ili zijaze pengo la ngoma ya mguu, na kuzifyatua ili ziitikie kama snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali.

Baadaye alijiunga na kundi la Sly and the Family Stone, ambalo rekodi zake za mwishoni mwa miaka ya sitini zilieneza mtindo huo kote duniani.

Slapu iliingia katika muziki mzito miaka ya themanini na tisini. Billy Gould wa Faith No More aliitumia katika albamu ya mwaka 1989. Les Claypool wa Primus na Robert Trujillo, aliyekuwa wakati huo na kundi la Infectious Grooves, walifuata mwanzoni mwa miaka ya tisini. Trujillo alijiunga na Metallica mwaka 2003. Mwaka 1994, Fieldy wa kundi la Korn aliwashangaza wengi kwa besi ya nyuzi tano iliyolia kama vyuma vinavyogongana. Ryan Martinie wa Mudvayne naye alijitokeza katika albamu ya mwaka 2000.

Humu nchini, makao ya muziki wa metali ni Nairobi, ambako kumetokea bendi kama Last Year's Tragedy. Kundi jingine la jiji hilo, Duma, lilitoa albamu yake mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Anayeishi Trans Nzoia au Bungoma hulazimika kujifunza akiwa mbali na kitovu hicho, pengine kwa rununu na gita la kuazima kanisani.

Gumba si geni Magharibi

Hata hivyo, mwanafunzi huyo haanzi mikono mitupu. Katika mtindo wa gita wa omutibo, ambao marehemu George Mukabi aliupa umaarufu kabla ya kufariki mwaka 1963, gumba hushikilia besi huku kidole cha shahada kikiimbisha nyuzi nyembamba. Mdundo hutolewa kwa chupa ya soda inayogongwa pembeni.

Wabukusu, wanaoishi Bungoma na Trans Nzoia, wana litungu la nyuzi saba. Aidha, wana chinyimba, kengele za chuma ambazo mvulana anayekaribia kutahiriwa huzigonga kwenye vikuku vya chuma mikononi mwake. Tohara hiyo hufanyika mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa, mathalan 2022 na 2024. Aliyewahi kuifuata chinyimba barabarani anajua maana ya mapigo yasiyoyumba hata mwili unapochoka. Uwezo huo ndio slapu inaouhitaji kwanza.

Kuchapa kwa gumba

Gumba huchapa mahali shingo ya gita inapoishia, karibu na freti ya mwisho. Hapo uzi una ulegevu wa kutosha kugonga freti na kutoa mlio wa chuma. Sehemu inayochapa ni ule ubavu wa gumba wenye mfupa, penye kiungo, wala si nyama ya ncha.

Nguvu haitoki begani. Kifundo cha mkono huzunguka kama cha mtu anayefungua kufuli kwa ufunguo, na gumba hugusa uzi kisha huondoka papo hapo. Likikawia, uzi hufa. Anayesikia kishindo bila noti ajue kwamba gumba lake limelala juu ya uzi.

Kufyatua ni kazi ya kidole cha shahada. Ncha yake huingia kidogo chini ya uzi wa D au G, huuvuta na kuuachilia ugonge freti. Kosa la wanaoanza ni kuingiza kidole kizima na kuvuta kwa hasira. Uzi hutoka kwenye sauti yake sahihi na ngozi ya kidole huchubuka.

Noti bubu

Siri ya slapu imo katika mkono wa kushoto. Vidole vinapougusa uzi bila kuukandamiza, gumba linapochapa husikika pigo kavu lisilo na noti. Pigo hilo bubu ndilo linalozipa noti nyingine uhai.

Mkono huo pia una wajibu wa kunyamazisha nyuzi zisizochezwa. Katika muziki laini uzi unaovuma peke yake unaweza kusameheka. Katika hevi metali, ambapo sauti imekuzwa mno, uvumi huo huwa tope linalofunika bendi nzima.

Zoezi la kwanza ni rahisi. Metronomu, ambayo hupatikana bure kwenye rununu, huwekwa kwenye mapigo 60 kwa dakika. Mwanafunzi huchapa uzi wa E mara moja kwa kila pigo, kisha mara mbili, kisha mara nne. Baadaye huchanganya: gumba, pigo bubu, gumba, kufyatua. Kasi huongezwa kwa mapigo manne au matano tu, na pale tu ambapo zoezi limechezwa bila kosa kwa dakika nzima.

Mahali pa slapu katika hevi metali

Hapa ndipo wengi hukwama. Magita yaliyokwaruzwa na mashine hujaza karibu kila nafasi ya sauti, na mpiga ngoma hutumia miguu yote miwili. Wimbo wa mapigo 180 kwa dakika wenye mapigo manne madogo ndani ya kila pigo humtaka mchezaji achape mara 12 kwa sekunde. Hata akiweza, msikilizaji hatasikia chochote ila kelele.

Kwa sababu hiyo, wapigaji wenye busara huchapa pale gita linaponyamaza, linapocheza vipande vifupi vyenye mapengo, au wimbo unapopunguza kasi. Kwenye sehemu za kasi hurudi kwa vidole au kipande cha plastiki cha kupigia.

Kanuni ya kushika ni moja: gumba lifuate ngoma ya mguu na ufyatuaji ufuate snea. Ndiyo kazi aliyoianza Graham alipokosa mpiga ngoma. Tofauti ni kwamba katika hevi metali mpiga ngoma yupo, na besi inapaswa kufungamana naye badala ya kushindana naye.

Kutengeneza sauti

Hatua ya kwanza na ya bei nafuu ni nyuzi. Nyuzi za chuma zilizosokotwa kwa mviringo, zikiwa mpya, hutoa mlio angavu ambao hakuna kitufe kinachoweza kuuiga. Zilizokufa kwa jasho na uchafu hubadilishwa. Asiye na pesa huzichemsha kwa maji kwa dakika chache na kuzikausha kabisa, na mlio hurudi kwa muda. Kufuta nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kucheza huongeza maisha yake.

Bendi nyingi za metali hulegeza nyuzi ili zilie chini zaidi. Uzi wa E wa kawaida hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, ilhali uzi mnene kabisa wa Korn, ulioshushwa hadi A, hutetemeka mara 27 na nusu tu. Anayeshusha sauti kiasi hicho kwa nyuzi nyembamba hupata uzi uliolegea kama kamba ya kuanikia nguo. Ni lazima atafute nyuzi nene zaidi.

Pili ni ikwalaiza. Desturi ya slapu ni kuinua sauti za chini na za juu na kupunguza zile za kati. Mchezaji akiwa peke yake chumbani, mpangilio huo hupendeza. Bendi inapoingia, besi hutoweka kwa kuwa sauti za kati ndizo zinazoitambulisha mbele ya magita. Inafaa kupunguza kiasi sauti zilizo kati ya hezi 250 na 500, kuacha zilizo karibu na 800, na kuinua kidogo eneo la hezi 2,000 hadi 4,000 ambako mlio wa chuma hukaa.

Tatu ni kompresa, kifaa kinachosawazisha mapigo makali na dhaifu. Kikikazwa kupita kiasi huua pigo lenyewe. Mwisho ni distoshoni, ambayo huchanganywa na sauti safi ili uzito wa chini usipotee.

Stima na masikio

Amplifaya ndogo ya gita la kawaida haikuundwa kwa besi. Ikifunguliwa sana, spika yake huweza kupasuka. Spika kubwa za kanisa hufaa zaidi, mradi sauti ipandishwe polepole.

Mvumo usiokoma huweza kutokana na waya mbovu au stima isiyo na waya wa ardhini. Kamwe pini ya tatu ya plagi isikatwe ili kuondoa mvumo huo. Nyuzi za gita ni chuma, na mkono wa mchezaji hauziachi. Fundi wa stima aitwe.

Masikio nayo hayana vipuri. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, hupendekeza kikomo cha saa nane kwa sauti ya desibeli 85, na dakika 15 tu inapofika desibeli 100. Chumba cha mazoezi chenye ngoma na magita ya metali hufikia kiwango hicho kwa urahisi. Vizibo vya masikio ni rahisi kuliko kisanduku chochote cha distoshoni.

Vivyo hivyo, mkono unapoanza kufa ganzi au kifundo kuuma, mazoezi husimamishwa. Dakika 20 za uangalifu kila siku hujenga zaidi ya saa tatu za Jumamosi moja.

Isitoshe, zoezi la gumba halihitaji stima. Besi isiyounganishwa na chochote, katika chumba kimya usiku umeme umepotea, hufichua kila kosa. Ikisikika vizuri hapo, itasikika vizuri jukwaani.