Dhima ya Mkaguzi wa Nyumba: Historia ya Dhana na Istilahi Zake

Istilahi ya sheria haiji peke yake. Huja na mashauri yaliyoizaa, na hoja za mahakimu walioipima, na hasara za watu walioililia. Mfasiri akiipokea istilahi bila kuipokea historia yake, aghalabu huivika vazi la neno lisiloikaa. Katika makala haya tumekusudia kuieleza historia ya dhana moja ambayo wafasiri wa mikataba wataendelea kukutana nayo: mtu aliyelipwa kuikagua nyumba kabla haijanunuliwa, naye asilione bomba linalovuja ukutani au tangi lililoliwa na kutu, anadaiwa nini na mnunuzi?

Swali hili lina uzito kwetu kwa sababu mbili. Kwanza, kwa watu wengi nyumba ndiyo mali kubwa kuliko zote watakazozinunua maishani, na maji ni adui wa nyumba asiye na kelele. Pili, tangu mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilipofanya marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, maneno tunayoyachagua si mapambo tena. Kwayo mtu anaweza kupata haki yake au kuikosa.

Mnunuzi na ajihadhari

Sheria ya Kiingereza ilianza kwa kumwelemea mnunuzi. Kwa karne nyingi ilifuata msemo wa Kilatini ambao kwa Kiswahili tungeusema hivi: mnunuzi na ajihadhari. Mwaka 1603 ilitolewa hukumu mashuhuri juu ya mtu aliyeuziwa jiwe kwa pauni 100, akiambiwa kuwa ni lile jiwe lililosadikiwa wakati huo kuwa dawa ya sumu. Halikuwa hilo. Mahakama iliamua kwamba kauli tupu ya muuzaji, bila ya yeye kuitolea dhamana, haikutosha kumtia hatiani. Nyumba nazo ziliuzwa kwa mtindo huo huo: muuzaji alinyamaza, mnunuzi akatazama kwa macho yake, na kilichojificha kikawa bahati yake.

Pwani yetu ilijua pia utaratibu mwingine. Katika sheria ya Kiislamu, mnunuzi aliyekuta ila ya zamani katika kitu alichokinunua, naye hakuijua wakati wa kununua, alikuwa na hiari ya kukirudisha. Maneno yetu mawili, aibu na hiari, yana asili moja na istilahi za Kiarabu zilizotumika katika mlango huo wa fikihi. Leo aibu kwetu ni fedheha na hiari ni kutenda pasipo kulazimishwa, lakini zamani yalisimama karibu na ila ya bidhaa na uchaguzi wa mnunuzi. Twataja jambo hili ili wasomaji wasidhani kwamba dhana ya kasoro iliyofichika ni ngeni katika lugha yetu.

Mkaguzi anaingia kati

Mnunuzi asiyeweza kujihadhari mwenyewe hutafuta jicho la mtaalamu. Hapo ndipo Uingereza ilipopata swali jipya: mtaalamu naye akikosa kuona? Pale palipokuwa na mkataba baina yao, jibu halikuwa gumu. Katika shauri la Philips dhidi ya Ward, lililoamuliwa mwaka 1956, mnunuzi alikuwa ameinunua nyumba kwa pauni 25,000 baada ya mkaguzi kutoona kwamba mbao zake zilikwisha kuliwa na wadudu. Matengenezo yangegharimu pauni 7,000. Mahakama ilimpa pauni 4,000, yaani tofauti baina ya bei aliyolipa na thamani ya nyumba ile katika hali yake halisi. Wafasiri na waizingatie hesabu hii. Fidia haikuwa gharama ya kuifanya nyumba iwe kama ripoti ilivyosema, kwa sababu mkaguzi hakuahidi kwamba nyumba ni nzima. Aliahidi tu kuitazama kwa uangalifu.

Pasipokuwa na mkataba mambo yalichukua muda. Mwaka 1932, katika shauri la Donoghue dhidi ya Stevenson, Mabwana wa Sheria wa Uingereza walikubali kwamba mtengenezaji wa kinywaji ana wajibu wa uangalifu kwa mnywaji ambaye hakufanya naye mkataba. Mwaka 1963, katika shauri la Hedley Byrne, wakakubali kwamba hata maneno yaliyotamkwa au kuandikwa kwa uzembe yaweza kuleta dhima, iwapo msemaji alijitwika jukumu na msikilizaji akamtegemea kwa haki. Mwaka 1981 mahakama iliutumia msingi huo kwa mthamini wa nyumba aliyeajiriwa na chama cha mikopo ya majumba, na ambaye ripoti yake ilitegemewa na mnunuzi.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1989 katika shauri la Smith dhidi ya Eric S. Bush. Mnunuzi wa nyumba ya bei ya pauni 18,000 huko Norwich alilipia ukaguzi pauni 36.89. Ripoti ikasema hapana matengenezo ya lazima. Kumbe sehemu ya chini ya dohani ilikuwa imeondolewa, na ya juu ikaachwa bila nguzo ya kutosha. Baadaye matofali yakaporomoka. Wathamini walikuwa wameandika kanusho la kukataa dhima yoyote. Mabwana wa Sheria walikata kauli kwamba kanusho lile halikuwa la haki chini ya sheria ya mwaka 1977 inayodhibiti masharti dhalimu ya mikataba, kwani mnunuzi wa nyumba ya kawaida hana uwezo wa kubishana juu ya masharti wala fedha za kuajiri mtaalamu wa pili.

Ama kuhusu maji na unyevu, mahakama za Uingereza zilitoa katika miaka hiyo ya 1980 kanuni ambayo inafaa kukumbukwa. Mkaguzi halazimiki kubomoa ukuta wala kung'oa zulia. Lakini akiona dalili, hana budi kuifuata. Doa la rangi ya chai kwenye dari iliyo chini ya bafu ni kasoro bayana. Bomba linalovuja juu ya dari hiyo ni kasoro iliyofichika. Haulaumiwi uchache wa macho yake kwa kutoliona bomba. Kosa lake ni kuliona doa akalipita.

Taaluma ya Marekani

Marekani ndiko ukaguzi wa nyumba ulikofanywa taaluma ya peke yake. Mwaka 1976 kiliundwa chama cha kitaifa cha wakaguzi wa nyumba, nacho kikaweka kanuni za kazi. Kwa mujibu wa kanuni hizo, mkaguzi hutazama mabomba ya maji safi, mabomba ya maji machafu na ya hewa, na mtambo wa kuchemshia maji. Hueleza mabomba yametengenezwa kwa kitu gani na vali kuu ya kufungia maji iko wapi. Hatakiwi kukagua mashimo ya maji taka, wala visima, wala kilichofunikwa na ukuta. Texas ilianza kuwapa wakaguzi leseni katikati ya miaka ya 1980, na majimbo mengine yakafuata.

Wakati huo huo, mwaka 1984, Mahakama ya Rufani ya California iliamua kwamba hata dalali wa nyumba ana wajibu wa kuikagua nyumba anayoiuza kwa uangalifu wa kutosha na kumwambia mnunuzi atakachokiona. Hukumu hiyo iliwasukuma madalali kuwahimiza wanunuzi watafute wakaguzi, na hivyo dhima ikahamia polepole kwenye mabega ya mkaguzi.

Nao wakaguzi wakajikinga. Mikataba mingi iliandika kwamba mkaguzi akizembea, atarudisha ada yake tu. California iliyakataa masharti ya namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1996. New Jersey, mwaka 2004, mahakama ilikataa mkataba uliomwekea mkaguzi ukomo wa nusu ya ada, yaani dola 192.50, hali matengenezo ya paa lililokuwa likipitisha maji yalikadiriwa kuwa maelfu ya dola. Majimbo mengine yameukubali ukomo huo pale ulipoandikwa wazi.

Katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na funzo la mabomba ya plastiki ya polibutilini, yaliyowekwa katika mamilioni ya nyumba za Marekani tangu mwaka 1978 hadi 1995. Klorini iliyotiwa majini iliyadhoofisha mabomba hayo pamoja na viungo vyake kutoka ndani. Kwa nje bomba lilionekana zima, kisha likapasuka ghafla. Watengenezaji walikubali mwaka 1995 kutenga dola zisizopungua milioni 950 ili kuwafidia wenye nyumba. Mkaguzi hangeweza kuuona ufa ulio ndani ya bomba. Aliweza kulitambua bomba kwa rangi na alama zake, na kumwonya mnunuzi.

Maneno ya kuchagua

Sasa tuyageukie maneno. Katika tafsiri nyingi twaona jukumu, wajibu, dhima na dhamana yakitumiwa kama ndugu pacha. Historia tuliyoieleza yatuonyesha kwamba sivyo.

Wajibu na ubaki kuwa kile kinachompasa mkaguzi kabla ya kosa: kutazama kwa uangalifu. Jukumu ni kazi aliyojitwika au aliyopewa. Dhima ni deni la kisheria linalomfuata baada ya kuuvunja wajibu na mtu akapata hasara. Dhamana ni ahadi kwamba kitu ni kizima, na anayeitoa hulipa hata kama hakuzembea. Mfasiri akiandika kwamba mkaguzi ana dhamana ya mabomba, amemfanya mkaguzi kuwa kampuni ya bima. Akiandika kwamba mkaguzi hana jukumu pale ambapo mkataba wakataa dhima, mnunuzi atadhani kazi yenyewe haikuwapo, naye atakwenda zake kimya hali ana haki ya kudai.

Kadhalika tusichanganye mkaguzi na mthamini. Mthamini hukadiria thamani. Mkaguzi hueleza hali. Tena, kasoro iliyofichika ifaa kuliko kasoro ya siri, kwa sababu siri yamaanisha kwamba yupo aliyeificha, na udanganyifu ni shitaka jingine. Kwa kifungu cha kuikataa dhima twapendekeza kanusho la dhima, na kwa kifungu cha kuipunguza, ukomo wa dhima.

Mahakama za Tanganyika zilipokea misingi ya sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu za baadaye husomwa kwetu kama mwongozo tu. Kwa hiyo mawakili wetu wataendelea kuyataja mashauri tuliyoyaeleza, na safari hii watayataja kwa Kiswahili. Walimu, wafasiri na maofisa wa serikali wanaombwa wayapime mapendekezo haya katika nyaraka wanazozishika kila siku, na watuletee maoni yao pale ambapo neno tulilolichagua linakataa kukaa katika sentensi.