Uwanja wa Mnazi Mmoja

Somo la leo linahusu uwanja wa Mnazi Mmoja, katika mji wa Dar es Salaam, na mitaa iliyouzunguka.

Mwaka 1914 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma. Wakati huo huo, huko pwani, serikali ya Wajerumani ilikuwa na mpango wa kuwatenga watu kwa makao. Wazungu wakae upande wa bahari, Waafrika wasogezwe magharibi, na katikati liachwe eneo tupu. Sababu iliyotolewa ni afya: madaktari walisema mbu hutoa malaria kwa Waafrika na kuipeleka kwa Wazungu. Lakini mpishi na yaya waliendelea kuingia nyumba za Wazungu kila siku, wala sababu hiyo haikuwazuia!

Vita vikaukatiza mpango huo. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916. Huko magharibi wakaweka kambi ya wapagazi wa jeshi, iliyoitwa Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa namna yao, ndiyo Kariakoo. Vita vilipokwisha, Waingereza wakautimiza mpango ule ule wa Wajerumani. Basi mji ukawa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja ukawa mpaka.

Hapa yafaa tutulie kidogo. Uwanja ulioachwa ili watu watengane uliwakusanya. Kandokando yake ukajengwa ukumbi wa Anatoglo, kwa fedha za Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge, George Arnautoglu. Ng'ambo ya uwanja, katika barabara ya New Street, tarehe 7 Julai 1954, TANU ilizaliwa. Baadhi ya mikutano yake ikafanyika papo hapo Mnazi Mmoja.

Barabara hiyo sasa ni Lumumba. Upande wa pili wa uwanja ipo barabara ya Bibi Titi Mohamed, aliyewaongoza wanawake wa TANU. Bustanini umesimama mnara wa Mwenge wa Uhuru.

Swali kwa vikundi vya Nyarugusu: uwanja wenu wa mikutano uliachwa wazi na nani, kwa sababu gani, na nani leo anautaka kujenga?