Mnataka nyumba isiyopitwa na wakati? Anzeni na boriti

Kila wiki lazima nipate ujumbe wa aina hii: "Nataka sebule isiyopitwa na wakati, nianze na nini?" Halafu picha inafuata. Sofa ya kijivu, ukuta unaong'aa, mmea mmoja kwenye kona, dari ya jipsamu yenye taa za buluu. Picha imetoka Dubai au Uturuki. Nyumba yenyewe iko Muyeye, na najua mwenyewe analala na feni mbili kwa sababu dirisha liko upande mmoja tu na hewa haina pa kutokea.

Mimi chuo sikumaliza, kwa hivyo msinisome kama mhadhiri. Lakini nyumba ndiyo kazi yangu, na Gede iko kilomita kama 16 tu kutoka Malindi. Nimezunguka yale magofu mara nyingi nikiwa na simu na futi ya fundi, na nimekaa Lamu nikipima vyumba vya watu, kwa ruhusa yao. Na nilichokiona ni kwamba hicho tunachokiita "mtindo wa Kiswahili" hakikuanza kama mtindo. Kilianza kama hesabu.

Ukiingia nyumba kongwe ya mawe Lamu, jambo la kwanza unaloliona ni kwamba vyumba ni virefu na vyembamba. Urefu unaweza kwenda utakavyo, lakini upana unakomea karibu mita mbili na nusu, mara chache unakaribia tatu. Wengi hudhani ni mapenzi ya Waarabu, au ni siri fulani ya kidini. Hapana bana. Ni mti wa mkoko. Dari la nyumba ya mawe linabebwa na boriti, na juu ya boriti kunapangwa vipande vya matumbawe, kisha chokaa inashindiliwa juu yake. Huo ni uzito wa kutisha. Boriti ikizidi urefu fulani inapinda, na ikipinda wewe uliyelala chini ndiye utakayejua. Kwa hivyo fundi wa zamani hakuuliza unataka sebule ya upana gani. Boriti ilishajibu.

Miti hiyo ina majina yake kulingana na unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, vigingi. Iliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na majahazi yaliibeba kutoka Lamu na delta ya Rufiji mpaka Oman, Bahrain na Kuwait, ambako wanaiita chandal. Ndiyo maana ukiona picha za nyumba za zamani za Ghuba utashangaa vyumba vimebanwa kama vya kwetu. Ni miti ileile! Watu wanasema sisi tulichukua kila kitu kutoka Uarabuni, lakini dari lao lilikuwa limelala juu ya miti yetu. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, mikoko ilikuwa inaisha.

Sasa, ukiwa na chumba chembamba hivyo unafanya nini kisikuelemee? Hapa ndipo vinapoingia vidaka. Watu wa Lamu husema zidaka, nami napenda kwao kuliko kwetu. Ni vile vishimo vilivyopangwa ukutani safu kwa safu, vimezungushiwa nakshi za chokaa. Ukuta wa matumbawe una unene wa karibu nusu mita, kwa hivyo badala ya kuweka kabati lile nafasi, unachimba nafasi ndani ya ukuta wenyewe. Mahali pa vyombo vya kauri vya Uchina, pa msahafu, pa taa. Jicho nalo linadanganyika, linaona kina pale ambapo kuna ukuta tu. Chumba cha mita mbili na nusu kinapumua.

Lakini vidaka havikuwekwa popote. Nyumba ya mawe ya Lamu imepangwa kama maswali unayoulizwa mlangoni. Kuna daka nje, pale wenye shughuli ndogo wanaishia. Kuna tekani, halafu kiwanda, ambacho si cha kutengeneza sabuni, ni ua ulio wazi juu. Kisha msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho ndani. Kadiri unavyoruhusiwa kuingia ndivyo nakshi zinavyoongezeka. Ukuta mkubwa wa zidaka uko kwa ndani, chumba cha mwenye nyumba mwanamke, ambako bi arusi alikalishwa na kutazamwa. Mgeni wa biashara alipelekwa sabule, chumba chake cha juu, na pengine hakuwahi kuuona. Sisi leo tunaweka kila kitu cha thamani sebuleni, mkabala na mlango, fundi wa DSTV naye anakiona.

Malindi yetu pia ilikuwa hivyo zamani. Wareno walipofika na Vasco da Gama mwezi wa nne mwaka 1498, mmoja wao aliandika kwenye shajara ya safari kwamba nyumba za hapa ni ndefu, zimepakwa chokaa vizuri na zina madirisha mengi. Nyumba zile hazipo tena, yamebaki makaburi ya nguzo kando ya msikiti. Ndiyo maana narudi Gede. Kaburi moja pale lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, sawa na 1399. James Kirkman alichimba kuanzia 1948 hadi 1958, na nyumba kadhaa akazipa majina ya vitu alivyoviokota humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma. Nayapenda hayo majina manake yanakukumbusha kwamba mtu aliishi pale, akapoteza mkasi wake. Ndani kuna vyoo, ndani ya nyumba kabisa, na mahali pa kunawia. Kuna matundu ukutani ya vigingi vya kutundikia vitambaa. Mwaka 2024 UNESCO ikaiweka Gede kwenye orodha ya urithi wa dunia, kama ilivyofanya kwa Lamu 2001.

Sasa kuna kitu kurasa nyingi za mapambo huwa hazikisemi, na mimi nitakisema. Hizo nyumba hazikuwa za kila mtu. Gede wengi waliishi kwenye nyumba za udongo na miti, na nyumba za udongo hazibaki magofu, zinarudi kuwa shamba. Lamu nyumba ya mawe ilikuwa ya waungwana, na neno hilo kabla ya kumaanisha mtu mstaarabu lilimaanisha mtu asiye mtumwa. Nyumba ya ghorofa, mara nyingi watumwa na ghala walikuwa chini, wenyewe juu wanakula upepo. Malindi hii tunayoishi ilianzishwa upya mwaka 1861 chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, na mashamba yake ya mtama na ufuta yalilimwa na watumwa hadi utumwa ulipofutwa na sheria mwaka 1907. Kwa hivyo mtu akiniambia "turudi kwa mababu zetu" huku anaonyesha picha ya zidaka, namuuliza: mababu wa nani? Wangu mimi pengine ndio walioipika ile chokaa tanuuni.

Na hao wa nyumba za udongo walikuwa na akili yao. Nyumba ya Kigiriama ina uchaga juu ya moto, wenyewe husema lutsaga. Moshi unapanda, unafukuza wadudu kwenye mahindi. Jiko moja, kazi mbili. Nyumba ya Kiswahili ya Muyeye tuliyozaliwa humo, ya ukumbi katikati na vyumba kushoto na kulia, nayo ni ndugu wa nyumba ya Lamu, wa upande wa maskini. Baraza ni daka. Ua ni kiwanda. Ukifungua mlango wa mbele na wa nyuma, ukumbi unakuwa bomba la upepo. Paa la makuti limeinuka, joto linapanda na kutokea kwenye pembe zilizoachwa wazi. Hakuna aliyelipa msanifu.

Halafu wakaja Wataliano. Walianza na mambo ya anga: mwaka 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Ngomeni. Nyuma ya wanasayansi wakafuata watalii, na nyuma ya watalii zikaja villa. Siwachukii, tusielewane vibaya. Nusu ya mtaa huu imelelewa na mshahara wa villa. Na wao ndio waliochukua makuti, kuta nyeupe na vidaka wakati sisi tunavikimbia. Ila angalia walichokifanya na baraza. Kwa bibi yangu baraza inatazama njia, ni ya watu. Kwenye villa baraza imewekewa mito mizuri kabisa, imegeuzwa, inatazama bwawa la kuogelea, na mbele ya njia kuna ukuta na askari. Ni baraza ileile kwa sura. Imeondolewa kazi yake, ikabaki picha.

Halafu fundi aliyeshona makuti yale na kupiga chokaa ile anarudi Muyeye jioni, anajijengea mabati na vioo. Simlaumu hata kidogo. Makuti yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, yanaleta panya, na moto ukishika hapa tulivyobanana ni msiba wa mtaa mzima. Mabati unaweka, unasahau. Kinachoniuma ni kwamba tuliyaacha makuti tukaacha na upepo pamoja nayo. Hakuna sheria inayosema nyumba ya mabati isiwe na matundu ya hewa juu ya mlango.

Kuna kitu kilichong'olewa mbali zaidi ya baraza. Vigango. Kwa Wamijikenda hizo ni nguzo za kuchonga za kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu waliofariki, zinasimikwa bomani na hazitakiwi kung'olewa. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 ziliibwa kwa wingi, zikauzwa kwa watalii na madalali wa sanaa, zikaishia Marekani kwenye makumbusho na sebule za watu, chini ya taa nzuri. Kigango kimoja kilichoibwa 1985 kilirudishwa kwa familia yake mwaka 2007. Makumbusho ya Denver iliamua 2014 kurudisha 30. Kwa hivyo mkiniomba nitengeneze video ya "kigango cha bandia cha kuweka kando ya televisheni", jibu ni hapana, na litabaki hapana. Tafuteni mtungi.

Basi mtu wa chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi afanye nini? Kwanza, kama unajenga, mwambie fundi aache kidaka wakati anapanga mawe ya timboni. Pengine utalipia kazi kidogo, hulipii kabati. Pili, acha rangi ya mafuta ya kung'aa, paka chokaa. Ukuta wa matumbawe unataka kupumua, ukiuziba rangi inavimba na kubanduka, umeiona kwa jirani. Dirisha likiwa upande mmoja, tafuta tundu upande wa pili hata la ukubwa wa kitabu. Kitanda cha kamba usikitupe. Najua kinaitwa teremka tukaze na mnakicheka, lakini hewa inapita chini ya mgongo wako, godoro la sponji haliwezi hilo.

Haya yote si maneno matupu kwangu, manake saa hii nyumbani kuna kesi. Mjomba anataka kuziba baraza ya bibi apate chumba kimoja cha kupangisha. Hoja yake ina uzito: dawa za bibi za presha zinanunuliwa kila mwezi, na mimi kontenti yangu hailipi kila mwezi. Nilimwambia, "Mjomba, hapo ndipo bibi anapouzia mahamri, na ndipo watu wanapomsalimia. Ukipaziba atakaa wapi?" Akasema atakaa ndani, kuna televisheni. Bibi mwenyewe alikuwa akisikia. Akauliza tu, "Na mtu akija na habari ya msiba, ataniambia kupitia dirishani?" Hakuna aliyemjibu.

Nimechora mpango mwingine: chumba kiende nyuma, kiegemee ukuta wa ua, mlango wake utokee kichochoroni, na ukumbi ubaki wazi mbele na nyuma. Mjomba ameukagua na futi. Anasema kitakuwa karibu na choo, kodi itashuka, na ua utabaki mdogo, kamba ya nguo itafungwa wapi. Kuhusu kamba ya nguo ana haki. Fundi anakuja Jumamosi, tutampa michoro yote miwili.