Kiti ni cha Wapiga Kura

Wahenga walinena: wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Ukweli wa usemi huo twauona katika historia ya Wilaya ya Uchaguzi ya 136, mjini Atlanta, katika jimbo la Georgia, nchini Marekani.

Mwaka 1868 Baraza la Kutunga Sheria la Georgia liliwafukuza wajumbe Weusi kwa sababu ya rangi yao. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1964, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wilaya za uchaguzi katika majimbo ziwe na idadi ya watu inayokaribiana. Mipaka ikachorwa upya, na mwaka 1965 Wilaya ya 136, yenye wapiga kura wengi Weusi, ikamchagua kijana Julian Bond.

Tarehe 10 Januari 1966 wajumbe walimnyima kiti kwa kura 184 dhidi ya 12, kwa kuwa aliunga mkono tamko la kupinga vita vya Vietnam. Wananchi hawakutafuta mwingine: walimchagua tena Februari, na mara nyingine Novemba. Tarehe 5 Desemba Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, ikaamua kwamba uhuru wake wa kusema ulikuwa umevunjwa. Januari 1967 akaapishwa.

Baraza lilidhani limemwadhibu mtu mmoja. Kumbe wilaya nzima ilikaa mwaka mzima bila msemaji katika kutunga sheria. Basi tukumbuke: mwakilishi ni ulimi wa waliomtuma, amkataaye yeye amewakataa wao.