Mgeuzo wa Fourier katika programu

Mgeuzo wa Fourier ni hesabu inayochukua mfululizo wa vipimo na kuonyesha mawimbi yaliyomo ndani yake. Mfano mzuri ni bahari ya Unguja. Vipimo 708 vya kimo cha maji, kimoja kila saa, hutimiza karibu mwezi mwandamo mmoja. Ukihesabu kuanzia sifuri, wimbi la mwezi (saa 12.42) hujitokeza kama kilele kwenye nafasi ya 57 ya majibu, na la jua (saa 12) kwenye nafasi ya 59. Yakiungana huleta bamvua; yakipingana, maji mafu.

Jeddah mambo ni tofauti: katikati ya Bahari ya Shamu maji hupwa na kujaa kidogo mno, na vilele hivyo karibu hutoweka.

Kuandika programu ya mgeuzo huu ni rahisi. Kuihakiki ndiko kwenye kazi. Ukiipa 1 ikifuatwa na sifuri tupu, majibu yote huwa 1, lakini jaribio hilo halifichui alama (+ au −) ya kipeo cha fomula iliyogeuzwa kimakosa. Isogeze ile 1 nafasi moja, na kosa litaonekana. Kisha linganisha majibu na njia ya haraka waliyoichapisha Cooley na Tukey mwaka 1965: kwa vipimo 1,024, njia ya kawaida huzidisha zaidi ya mara milioni moja, yao takribani 5,000.