Mwongozo wa kuchagua vipuri vya tarakilishi ya michezo kwa bajeti ndogo

KUUNDA tarakilishi ya kuchezea michezo ya kielektroniki si kazi ya mafundi pekee. Yeyote mwenye bisibisi, subira na fedha za kiasi anaweza kununua vipuri kimoja kimoja na kuviunganisha mezani kwake. Hata hivyo, ni rahisi kwa anayejaribu mara ya kwanza kupoteza akiba aliyoidunduiza kwa miezi mingi kwa kununua kipuri kisichoingiliana na vingine, au kwa kulipia uwezo asiouhitaji.

Makala haya yanaeleza sehemu kuu za mashine hiyo, jinsi ya kuzigawia fedha, na mitego inayomngojea mnunuzi mwenye mfuko mwembamba.

Michezo kwanza, vipuri baadaye

Kabla ya kukanyaga dukani, mnunuzi aandike orodha ya michezo anayonuia kucheza. Grand Theft Auto V, uliofikia tarakilishi mwaka wa 2015, na Valorant wa mwaka wa 2020 haihitaji mashine ya gharama kubwa. Kinyume chake, Indiana Jones and the Great Circle wa mwaka wa 2024 na Doom: The Dark Ages wa mwaka wa 2025 iliundwa kwa kadi za grafiki zenye uwezo wa kukokotoa miale ya mwanga. Kadi kuukuu isiyo na uwezo huo haitoshi, hata ikiwa ilikuwa ya bei ghali ilipotolewa.

La pili ni kiwambo. Kiwambo cha nukta 1920 kwa 1080 ndicho kinachomfaa mwenye bajeti ndogo. Kile cha 4K kina nukta mara nne ya hizo, na kila nukta huongeza kazi ya kadi ya grafiki. Aidha, kiwambo cha hezi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde. Mashine inayotoa picha 150 kwa sekunde ikiunganishwa nacho, sehemu kubwa ya jasho lake haitaonekana.

Kugawa fedha

Kanuni inayofaa kwa mashine ya michezo ni kutenga kati ya thuluthi moja na asilimia 40 ya bajeti kwa kadi ya grafiki, asilimia 15 hadi 20 kwa prosesa, na takriban asilimia 10 kwa kifaa cha kugawa umeme. Kinachosalia hugawanywa kati ya ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi, kumbukumbu, diski na kasha.

Kwa aliye na Sh80,000, kadi itengewe Sh27,000 hadi Sh32,000, prosesa Sh12,000 hadi Sh16,000, na kifaa cha umeme kama Sh8,000. Kiwambo, kibodi na kipanya vina hesabu yake kando.

Ikumbukwe kwamba bei hazikai mahali pamoja. Mwishoni mwa mwaka wa 2025, bei ya kumbukumbu ilipanda sana duniani baada ya vituo vya kuendeshea akili bandia kuanza kununua vipuri hivyo kwa wingi. Mgao wa fedha kwa hivyo ufanywe kwa bei za wiki ya kununua, wala si kwa orodha ya mwaka uliopita.

Prosesa na ubao mkuu

Vipuri hivi viwili huchaguliwa pamoja, kwa kuwa kila prosesa ina aina yake ya soketi. Soketi ya AM4 ya kampuni ya AMD hutumia kumbukumbu za DDR4, na vipuri vyake vingi huuzwa kwa bei nafuu kuliko vya kizazi kilichofuata. AM5, iliyozinduliwa mwaka wa 2022, hukubali DDR5 pekee. Soketi ya LGA 1700 ya Intel, iliyotoka mwaka wa 2021, hutumia ama DDR4 ama DDR5 kutegemea ubao ulionunuliwa. Kumbukumbu za aina hizo mbili haziwezi kubadilishana nafasi, kwani pengo lililo ukingoni liko mahali tofauti.

Miongoni mwa prosesa zinazomfaa anayeanza ni Ryzen 5 5600 na Core i5-12400F, zote za mwaka wa 2022 na zenye viini sita. Zote mbili hazina grafiki za ndani. Mashine yenye mojawapo ya prosesa hizo haitaonyesha chochote kiwamboni bila kadi ya grafiki.

Asiyeweza kununua kadi mara moja anaweza kuanza na Ryzen 5 5600G ya mwaka wa 2021, ambayo ina grafiki zake. Itamudu michezo mepesi huku mwenyewe akiendelea kuweka akiba. Upungufu wake ni kwamba hifadhi yake ya ndani ni megabaiti 16 badala ya 32 za Ryzen 5 5600, hivyo kadi itakapoongezwa baadaye haitafikia kasi ile ile katika baadhi ya michezo.

Kuna mtego mwingine. Ubao wa AM4 uliotengenezwa kabla ya prosesa hizi huenda usizitambue hadi programu yake ya msingi, yaani bayosi, isasishwe. Ni busara kumtaka muuzaji aisasishe na kuiwasha mashine mbele ya mnunuzi.

Kadi ya grafiki

Hiki ndicho kipuri kinachoamua jinsi michezo itakavyoonekana. Kwa kiwambo cha nukta 1920 kwa 1080, Radeon RX 6600 ya mwaka wa 2021, yenye gigabaiti nane za kumbukumbu, bado ni chaguo la kuridhisha. GeForce RTX 4060, iliyozinduliwa mwaka wa 2023 kwa dola 299 za Marekani, ina kasi zaidi kwa kiasi hicho hicho cha kumbukumbu. Intel nayo ilizindua Arc B580 Desemba 2024 kwa dola 249, ikiwa na gigabaiti 12. Bei za humu nchini huwa juu kuliko hizo kutokana na usafiri, kodi na faida ya muuzaji.

Mwenye kuvutiwa na Arc ajue kwamba kadi hiyo hupoteza kasi nyingi katika tarakilishi kuukuu zisizo na mfumo wa Resizable BAR. Haifai kupachikwa katika mashine ya miaka kumi iliyopita.

Soko la mitumba lina nafuu na hatari zake. Sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zimefanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Nyingi bado ni nzima, lakini feni zake huenda zimechakaa. Kadhalika, ipo RX 580 iliyoandikwa 2048SP, ambayo ina viini 2,048 badala ya 2,304 vya RX 580 halisi.

Baya zaidi ni kadi bandia, ambazo bayosi yake imechezewa ili ijitambulishe kwa jina la kadi bora. Programu ya GPU-Z, inayopatikana bila malipo, inaweza kufichua nyingi kati ya hizo. Muuzaji anayekataa kadi yake ipimwe kwa dakika kumi na tano mchezo ukiendelea hastahili kupewa fedha.

Kumbukumbu na diski

Gigabaiti 16 ndicho kiwango cha chini kinachofaa kwa michezo ya kisasa. Ni bora kununua vipande viwili vya gigabaiti nane kuliko kimoja cha 16, kwa sababu prosesa husoma vyote viwili kwa wakati mmoja. Tofauti hiyo huonekana zaidi kwa mashine inayotegemea grafiki za ndani. Baada ya kuvipachika, mwenyewe aingie katika bayosi na kuwasha mpangilio wa XMP. La sivyo, kumbukumbu itaendeshwa kwa kasi ya chini kuliko iliyolipiwa.

Kuhusu diski, aina ya SSD ndiyo ya kuchukuliwa. Ile ya kuzunguka ibaki kuhifadhi filamu na picha. Kwa kuwa baadhi ya michezo hupita gigabaiti 100, diski ya gigabaiti 500 hujaa upesi.

Kifaa cha kugawa umeme

Hapa ndipo wengi hujaribu kubana matumizi, na hapa ndipo rahisi huwa ghali. Kifaa duni kinaweza kuzima mashine katikati ya mchezo, na kikiharibika kinaweza kuunguza ubao, diski na kadi kwa pamoja.

Hesabu yake si ngumu. RX 6600 hutumia wati 132, Ryzen 5 5600 takriban wati 76 ikifanya kazi kwa nguvu zote, na vipuri vingine kama wati 60. Jumla ni wati 268. Kifaa cha kweli cha wati 500 au 550 kitatosha na kubakisha nafasi.

Neno muhimu hapo ni "cha kweli". Vipo vifaa vilivyobandikwa "600W" kwa maandishi makubwa, ilhali jedwali dogo ubavuni linasema mengine. Mnunuzi atafute safu ya volti 12 na kuzidisha ampea kwa 12. Iwapo imeandikwa ampea 18, kifaa hicho kinaweza kuzipa prosesa na kadi wati 216 pekee. Nembo ya 80 Plus ni dalili njema, ingawa hupima jinsi umeme unavyookolewa wala si uimara wa kifaa.

Kwa kuwa stima hupotea na kurudi kwa kishindo katika mitaa mingi, kizuia mshtuko wa umeme au UPS ni ngao ya lazima. UPS ya 650VA mara nyingi hutoa chini ya wati 400, na huipa mashine dakika chache tu za kuzimwa kwa utaratibu.

Tarakilishi za ofisi zilizotumika

Njia ya bei nafuu zaidi ni kununua tarakilishi ya ofisi iliyotumika, mathalan Dell OptiPlex au HP ProDesk, na kuiongezea kadi. Zimejaa katika maduka ya katikati ya jiji la Nairobi. Hata hivyo, nyingi huwa na kifaa cha umeme chenye nguvu ndogo na plagi za kipekee ambazo hazibadilishiki kwa urahisi, na zile nyembamba hukubali kadi fupi pekee. Humo huingia kadi isiyohitaji waya wake wa umeme, kama vile baadhi ya GTX 1650, inayotosheka na wati 75.

Aidha, Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hukubali rasmi prosesa za Intel Core kuanzia kizazi cha nane. Anayetaka mfumo wa bure anaweza kutumia Linux, ila baadhi ya michezo ya mtandaoni, kama vile Valorant na Fortnite, haitafunguka humo.

Risiti na siku ya kuunganisha

Kila kipuri kiandikiwe risiti yenye nambari yake ya utambulisho na muda wa dhamana. Ni vyema vyote vinunuliwe ndani ya siku chache, kwa kuwa kipuri kilicholala kabatini miezi mitatu kikingoja wenzake huenda kikagunduliwa kuwa kibovu dhamana ikiwa imekwisha.

Mashine ikishaunganishwa, waya wa kiwambo uchomekwe kwenye kadi ya grafiki wala si kwenye ubao mkuu. Wako waliorejesha kadi nzima dukani wakidhani ni mbovu, kumbe waya ulikuwa shimo lisilo lake.